Mkaguzi wa Madereva, Langoni

Mavyaa akiniuliza kazi yangu humjibu:
nakagua madereva.
Hucheka mpaka ushungi umteremke.
Madereva gani, katika mji wa vichochoro
ambako punda wawili wakikutana
mmoja hurudi kinyumenyume?

Leo ni dereva wa Shekuwe, kijana wa Malindi,
mistari mia moja na kumi na minne.
Kazi yake ni ndogo: kuipa mashine sauti
kabla haijajijua kuwa ni mashine,
kabla kumbukumbu haijapangwa, kabla ya skrini,
kabla kiini hakijamaliza kuhesabu vidole vyake.
Nyaya tatu tu: wa kutuma, wa kupokea, wa ardhi.
Herufi hupita moja moja,
kama watu msibani.

Nyumba yetu ina daka.
Mgeni huketi pale, barazani, mlango ungali umefungwa,
akabisha hodi; tukajua ni nani, kaja na nini,
hata asipoingia.
Ndivyo ninavyomsoma Shekuwe. Anajenga daka.
Mashine ikifia ndani,
tutakuwa angalau tumeisikia hodi.

Mstari wa kumi na tisa:
anwani ikiwa tupu unarudi kimya. Rudi na kosa.
Aliyerudi bila neno na asiyekwenda ni mamoja.

Thelathini na moja: kasi usiiguse.
Aliyekutangulia kuamka keshaiweka.
Ukibahatisha tutapokea mabano, nukta,
herufi za kigeni zenye vilemba.

Hamsini: umeshuka mstari, hukurudi mwanzo wake.
Tazama maneno yako yanavyoteremka ngazi
mpaka yakatoka nje ya ukurasa.

Sitini na mbili.
Hapa Shekuwe anaingoja biti moja
imwambie: nimemaliza, lete nyingine.
Anangoja bila kikomo.
Nikamwandikia: weka kikomo.
Akajibu: Shangazi, nikichoka kungoja nitaidondosha herufi,
na itakayodondoka ndiyo itakayomtaja muuaji.

Shangazi!
Nina miaka thelathini na minane.

Saa tano usiku naichomeka bodi mwenyewe.
Ni ya friji ya chanjo, zahanati ya Kizingitini;
wiki ya tatu hii inawaka bila kuamka.
Waya mezani, kando ya sahani ya mkate wa sinia.
Ikaanza kusema: toleo lake. Anwani. Kumbukumbu, kiasi kadha.
Kisha:

    nazima saa zisizotu

Basi.
Taa ya kijani inawaka. Feni inazunguka.
Neno limekatwa kooni.

Nililifuata neno hilo faili kwa faili,
mpaka kwenye mistari inayozima saa za ndani,
zile zinazopigia kila kifaa mapigo yake.
Nikauliza ni nani aliyeiandika.
Likatoka jina langu, la kabla sijaolewa.
Miaka saba nyuma nilipita chumba kwa chumba
nikizima kila taa isiyo na mwenyewe,
nilivyofunzwa nyumbani,
nisiulize kama yuko anayezungumza gizani.

Na daka la Shekuwe likabaki pale, mdomo wazi,
likingoja biti ambayo mimi nimeiua.

Angelikubali kikomo changu,
mashine ingeendelea, bubu,
nami ningelala nikidhani mgonjwa kapoa
kwa kuwa halii tena.

Kiraka cha kwanza nimejiandikia mwenyewe.
Mavyaa kaamka kunywa maji, kanikuta.
Dereva kafanya ajali? Nikamwambia hapana,
ni mkaguzi.

Kwa Shekuwe: kumi na tisa, thelathini na moja, hamsini, rekebisha.
Sitini na mbili iache ilivyo.
Kwenye maelezo ya juu umeandika "kungonjea"; ni "kungojea".
Imekaguliwa na: jina langu, hili la sasa.

Na hiyo shangazi, ifute.